Dada Wawili wa Hail

Nyumba yetu iko Hail ya Kaskazini, upande wa bahari. Nyumba ya mama mkubwa, dada yake mama, ilikuwa Hail ya Kusini, upande wa milimani. Katikati inapita barabara kuu itokayo mjini, Matrah na Ruwi, inayopita uwanja wa ndege na kuendelea Sib. Ndugu hawa walitoka Unguja kuja nchi hii ya Waarabu wakiwa wasichana, na walipopata viwanja walichagua vinavyotazamana ili wawe majirani.

Wakati huo barabara ilikuwa lami nyembamba, gari moja ikienda na moja ikirudi, kando yake mchanga mtupu. Mama alifunika sahani ya mkate wa kumimina kwa kitambaa, akasimama ukingoni nami nimemshika buibui, akatazama huku na huku, tukavuka. Mbuzi nao walivuka hapo hapo. Tukifika, mama mkubwa alikuwa keshamimina chai, maana alituona tangu dirishani.

Barabara ikaongezwa upana. Zikajengwa raundabauti, halafu zikavunjwa, yakaja madaraja ya magari. Mwisho wakaweka uzio wa chuma katikati, kwa sababu watu walikuwa wakigongwa. Jirani yetu mmoja alifia pale, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mama alisimama kidogo mlangoni akiwatazama mafundi wanavyochomelea, kisha akarudi jikoni.

Tangu hapo, kwenda kwa mama mkubwa kulitaka gari. Unaingia barabara kuu kama mtu anayekwenda Sib, unaipita nyumba yake ukiiona ng'ambo, unapanda daraja, unageuza, unarudi. Kivuko cha juu cha waendao kwa miguu kilikuwa mbali, na magoti ya mama hayakuwa ya ngazi. Kutembeleana kila siku kukawa kila Ijumaa, kisha kukawa kwa sikukuu. Ikabaki simu.

"Wafanya nini?"

"Nnakaa tu. Nnauona ukuta wako."

"Na mimi nnauona wako."

Wakaagana.

Asubuhi moja mtoto wa mama mkubwa alimpigia mama simu. "Mama mdogo, njoo. Mama hali yake si nzuri."

Nilichukua ufunguo wa gari. Kwenda hakukuwa na tabu, lakini tulipogeuza darajani tuliingia kwenye foleni ya watu wanaokwenda kazini mjini. Gari zilisimama. Tangi la maji la juu ya nyumba ya mama mkubwa lilionekana mbele yetu, jeupe.

"Ningeshuka nikaenda kwa miguu," mama alisema.

"Hutofika, mama. Mbali."

"Najua."

Redio ilikuwa ikisoma habari za hali ya hewa. Sikuizima. Simu ya mama ikalia tena, akasikiliza, akasema inna lillahi mpaka mwisho, kwa sauti yake ya kawaida. Akairudisha simu mkobani, akafunga zipu.

"Ndo hivyo," alisema. "Endesha taratibu."

Hatukuwa tunakwenda popote. Niliisoma namba ya gari ya mbele, nikairudia kuisoma. Nilingoja nihisi kitu, nikaona mikono yangu imetulia juu ya usukani kama ya mtu mwingine.

Tulipofika, wanawake walikuwa washaandaa maji na sanda. Mama alivua saa, akakunja mikono ya nguo, akasema, "Ntamuosha mimi." Nilimmiminia maji. Alimuosha dada yake vizuri, vidole kimoja kimoja, bila kutoa chozi. Adhuhuri wanaume wakamchukua. Tulikaa azaa, matanga ya huku, siku tatu, tukanywa kahawa, tukaitikia dua, tukarudi kwetu kwa njia ya mzunguko ile ile.

Nyumba ya mama mkubwa sasa imepangishwa, ni kliniki ya meno. Naipita kila siku nikienda kazini kwangu mjini, Hamriya, na siku nyingine nakumbuka kwamba nimeipita nikiwa nishafika uwanja wa ndege. Siku moja mama alikuwa nami, nampeleka hospitali, foleni ikatusimamisha mbele yake. Nikamuuliza kama anataka tuingie ndani, aione.

"Ya nini? Hamna mtu," alisema, akaurekebisha mkanda begani. Kisha akaniuliza kama soko la samaki la Sib litakuwa wazi tukirudi. Nikamwambia sijui. Foleni ikasogea, nasi tukasogea nayo.