Mgeni Aliyekataa Kahawa

Nichekeni kabisa, mkimaliza ndiyo nianze, kwa sababu hapa Kihanga nimeshachekwa hadi na watoto wa chekechea, na siku hizi nikipita kijiweni kwa bodaboda wote wanashika funguo zao kwa pamoja kama waliopigiwa filimbi.

Naitwa Jeneroza, niko kidato cha tatu, na aibu hii niliipata nikimwokoa dada yangu Oliva, ambaye hakuwa amezama.

Oliva alisomea uhasibu, akapata kazi kwenye shule moja binafsi, tukajua tumetoka. Kumbe bei ya kahawa ikashuka, wazazi wakashindwa ada, mshahara ukaanza kuchelewa, ukaja nusu, mwisho mkuu wa shule akawa anawalipa wafanyakazi kwa mikungu ya ndizi (kwetu, ambako ndizi zimeota mpaka nyuma ya choo!). Halafu hata ndizi zikakoma. Tangu hapo dada anauza maandazi, anatuma maombi ya kazi, na simu ikilia anaruka kama aliyekanyaga siafu.

Na matapeli wamejaa. Binamu yetu Deo wa Ihembe alilipia "ajira" ya jamaa mmoja mwenye tai, akapewa fulana ya kampuni, na mpaka leo kampuni haijulikani iko wapi, ila fulana tunaiona kila siku akienda kukata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo niliapa kwamba tapeli mwingine hapiti mbele ya macho yangu.

Basi Ijumaa moja jioni akaja mzee wa kuitwa Elikana, mnunuzi wa maharage kutoka Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, ambaye Oliva alikuwa ameongea naye habari za kazi kwenye simu tu. Akaegesha pikipiki, akashuka na mfuko wake begani, ufunguo akauacha palepale. (Nikajisemea: anayeacha ufunguo ni anayejiandaa kukimbia.) Nikamwamkia shikamoo, nikazunguka nyuma, nikasimama chini ya dirisha, kazi ninayoiweza kuliko hesabu.

Mama akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyowekewa mgeni yeyote.

"Samahani mama, kahawa situmii."

Nikashtuka. Mtu mzima, wa Kyerwa, anakataa kahawa? Kwetu anayekataa kahawa yako ana jambo moyoni.

"Basi nikupikie chai, baba."

"Hata chai, mama. Ukinipatia maji ya moto matupu nitashukuru."

Maji matupu! Mama akasema haya, akaenda jikoni kuchochea moto, akabaki mzee na Oliva, na mimi dirishani.

"Mshahara si mkubwa, binti," mzee akasema. "Biashara imelala, nisikudanganye." (Hapo ndipo nilipomwogopa hasa, maana tapeli wa Deo aliahidi makubwa, mwishowe akashtukiwa, huyu amesomea zaidi.) "Utakuwa unashika pesa za wakulima, ndiyo maana nimekuja kuiona nyumba unayotoka. Njoo ghalani Jumapili asubuhi tukujaribu."

"Si hata kesho naweza, mzee?"

"Kesho hapana. Jumapili."

Jumapili! Watu wote wako kanisani, yeye anamtaka dada yangu ghalani. Tena kila baada ya maneno mawili anachungulia jua mlangoni. "Nisamehe binti, lazima niwe nyumbani kabla halijazama." Nani huyo anayeogopa giza na ndevu zake zote?

Sikufikiri tena. Nikaenda kwenye pikipiki, nikachomoa ufunguo, nikautia kwenye mfuko wa sketi ya shule. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kuliko kidole.

Mzee akatoka, akatafuta ufunguo, akapapasa shati, akapapasa suruali, akapiga magoti kwenye majani, akatazama jua, akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea barabarani nusu anakimbia. Nikaona huyooo! Nikapanda juu ya kichuguu nikapaza sauti mpaka ng'ombe wakageuka.

"Tapeeeli! Tapeli wa ajira anakimbia!"

Jamani, watu wana hasira na ajira. Walitoka migombani, walitoka kwenye pombe yao ya rubisi, Deo mwenyewe sijui alitokea wapi na fulana yake. Bahati mwenyekiti wa kitongoji aliwahi, akanyoosha fimbo. "Hakuna kumgusa! Tuone mfuko wake."

Mfuko ukamwagwa juu ya khanga. Zikatoka pesa za kununulia maharage, nikapiga kelele "Mmeona?", zikatoka karanga, kisha Biblia, kisha kitabu cha nyimbo. Na jua, taratibu, likazama.

Mzee Elikana akavua kofia. "Mwenyekiti, Sabato imeingia. Naomba nisali."

Akafumba macho, akaimba peke yake katikati ya barabara, na watu mmoja mmoja wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Msabato! Kahawa, chai, jua, Jumapili, vyote vikajipanga kichwani mwangu vikanizomea. Na shuleni dawati moja nakaa na Msabato!

"Mimi nilijua tangu alipoomba maji ya moto," mama akasema, birika mkononi. Oliva alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa anaokota vitu na kuvirudisha mfukoni kimoja kimoja, maana kazi yake ilikuwa imemwagwa pale pamoja na karanga.

Mwenyekiti akauliza, "Mzee, hesabu vitu vyako, kuna kilichopotea?"

"Vyote vipo. Ufunguo tu wa pikipiki."

Nikatia mkono mfukoni, nikautoa mbele ya kitongoji kizima. Sitaelezea kicheko cha Deo.

Mngedhani yameisha. Mzee hasafiri Sabato! Alilala kwetu, akashinda kwetu Jumamosi nzima, na mhudumu wake nilikuwa mimi, namletea maji ya moto kwa magoti, naye kila mara "Ahsante, Jeneroza", kwa upole unaochoma kuliko kiboko. Kuhusu kazi, hakugusia neno. Jua lilipozama akapanda pikipiki akaondoka.

Jumapili Oliva akaenda Nkwenda hivyohivyo. Mimi kanisani nilisali kwa bidii hata padri akanitazama kwa mashaka. Dada alirudi jioni, akakaa, akavua viatu polepole makusudi.

"Amenichukua," akasema. "Ameniambia alikuja kuangalia kama natoka kwa watu waaminifu, na mfuko wake umepekuliwa na kitongoji kizima, haikupungua hata karanga."

Nikaruka. "Basi si ni mimi niliyekupatia kazi!"

"Na wewe amekusalimia sana. Amesema ukimaliza shule, usimtafute."

Nimeapa sitachomoa tena ufunguo wa mtu, awe anakunywa kahawa au hanywi. Ila mshahara wa kwanza wa Oliva ulipofika niliinua noti moja juani, nikaikagua pande zote. Ilikuwa halali. Sikumwambia mtu.