Upande Aliopewa Kemunto

Siku yangu ya kwanza kufundisha sheria ya mikataba mjini Kisii, Mkuu wa Idara alinisimamisha mlangoni mwa ukumbi na kuniuliza kama nilikuwa nimekunywa chai. Nikamwambia nimekunywa, kwenye hoteli ndogo karibu na steji. Akauliza kama nilitia sahihi popote kabla ya kuletewa kikombe. Nikasema hapana.

"Basi waambie hivyo," akasema. "Wanadhani mkataba ni karatasi. Ukiwatoa hapo tu, muhula wako haujapotea."

Alikuwa mtu mkavu, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki akinisifu. Lakini maneno hayo niliyashika hadi nilipostaafu, na nimeyarudia mbele ya madarasa mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wanaosoma sheria siku hizi huniuliza tulikuwa tunafundishaje, maana wao kila kesi iko kwenye simu. Kesi zilikuwepo wakati wetu pia. Kazi ilikuwa kuwafanya wanafunzi waone watu walio ndani ya hizo kesi.

Tulianza na pendekezo na kukubali. Mmoja anapendekeza, mwenzake anakubali vilevile alivyoambiwa. Akiongeza au kupunguza neno, hajakubali, ametoa pendekezo jipya. Mimi ni mzaliwa wa Keumbu, kwa hiyo mifano yangu yote ilitoka sokoni Keumbu. Mama aliyepanga mikungu ya ndizi kando ya barabara bado hajapendekeza kitu, amewaalika tu wapita njia. Anayesimamisha gari na kutaja bei ndiye anayependekeza, na mama ana haki ya kumtazama juu chini na kumkatalia. Kisha tulisoma kwamba kila upande lazima utoe kitu chake ili upate cha mwenzake. Ahadi ya bure, hata iwe tamu namna gani, korti haiishiki.

Mwisho tulifika kwenye nia ya kufungwa kisheria na ahadi, na hapo ndipo watu wa huku kwetu hushtuka. Sheria hudhani kwamba watu wa nyumba moja wakiahidiana, hawakunuia kupelekana kortini. Ni dhana tu, na ushahidi unaweza kuivunja, lakini anayetaka kuivunja ndiye mwenye kazi ya kuivunja.

Kilichonitia hasira darasani ni kukariri. Walitaja majina ya kesi kama watoto wanavyotaja aya za shule ya Sabato, bila kupumua, na ukiwauliza nani alimwahidi nani kitu gani, ukumbi mzima unatazama dari.

Baadaye Mkuu wa Kampasi alinipeleka Nyamira kufundisha madarasa ya jioni. Nilikwenda kwa kununa. Wanafunzi wangu wa huko walikuwa watu wazima: walimu wa shule za msingi, karani mmoja wa kiwanda cha chai kutoka Itumbe, askari mmoja aliyesinzia kila kipindi na kufaulu kila mtihani. Hao hawakukariri. Nilipotoa mfano wa ng'ombe aliyeuzwa, waliuliza ng'ombe ni wa nani na yuko wapi sasa. Ni wao walionifundisha kuwaambia wanafunzi walete mikasa ya kwao, majina yakiwa yamebadilishwa na bila jina la aliyeleta, nami nichague mmoja wa kubishaniwa kwenye mahakama ya mazoezi. Hiyo ni kesi ya kuigiza: wanafunzi wanakuwa mawakili, walimu wanakuwa mahakimu.

Niliporudishwa Kisii nilirudi na utaratibu huo. Mkuu wa Idara aliukubali kwa sharti moja, kwamba hakuna mwanafunzi atakayejichagulia upande. Alitoa kopo tupu la kakao kabatini mwake, akaniambia nitie vikaratasi humo.

"Anayechagua upande bado si wakili," akasema. "Huyo ni shabiki."

Muhula mmoja nilichagua mkasa ulioandikwa kwa mwandiko mdogo uliobanana. Mama mjane alikuwa na kibanda cha mboga mjini. Ndugu ya marehemu mumewe alimwomba akifunge, arudi nyumbani amtunze mama yao aliyekuwa akiugua, na kwa hilo shamba la chai lililo chini ya nyumba lingekuwa lake kuchuma maisha yake yote. Mama akarudi. Yule ndugu akawaita majirani wawili, wakapanda miti ya mpaka kuzunguka ile chai, wakanywa uji, wakaenda zao. Mama alimtunza mgonjwa hadi alipofariki. Baada ya mazishi yule ndugu akataka chai irudi, ampe mwanawe anayeoa. Niliwawekea wanafunzi swali moja tu: je, walinuia kufungwa kisheria na ahadi hiyo? Mambo ya mikataba ya ardhi kuandikwa niliyaweka kando, yana siku yake.

Kura zikapigwa. Kemunto, msichana wa mwaka wa pili kutoka Gesima, mpole, wa kukaa karibu na dirisha, alitoa kikaratasi kilichompa upande wa yule ndugu.

Alinifuata ofisini kabla sijaketi.

"Mwalimu, siwezi," akasema. "Hiyo kesi ni ya kwetu. Huyo mjane ni mama yangu. Na baba mdogo amesema wazee waketi hii likizo, chai irudi kwake. Hiyo chai ndiyo imenileta hapa."

Nilimwambia pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli. Kisha nikamwambia kopo limeshasema. Kama nisingejua mkasa ni wa nani ningemkatalia, na kujua hakukubadilisha kanuni. Aliniuliza nitajisikiaje nikiambiwa nimpinge mama yangu mzazi. Nikamjibu kwamba nitajisikia vibaya, na nitakwenda maktaba. Alitoka bila kuaga. Hata leo ningemjibu vilevile.

Alikwenda maktaba. Wiki zote za matayarisho nilimkuta huko, amekunja uso. Siku ya mahakama ya mazoezi alisimama akamtetea baba yake mdogo kana kwamba amelipwa. Ahadi ilitolewa jikoni, alisema, si ofisini. Haikuwa na bei. Ilitolewa na mtoto kwa ajili ya mama yake mgonjwa, na kupokelewa na mkwe aliyempenda huyo mama. Ukiigeuza kuwa mkataba, kila wema unaofanyika nyumbani utaishia kortini. Waliompinga walimjibu kwa majina ya kesi. Sisi mahakimu watatu, yaani mimi, mgeni mwalikwa kutoka mjini na Mkuu wa Idara, tulitazamana. Tulimpa ushindi, tena bila mabishano.

Ukumbi ulipobaki mtupu nilimkuta bado ameketi kwenye meza ya mawakili, machozi yanamtoka. Nilidhani analia kwa sababu ameshinda.

"Nilikuwa nangoja waniulize juu ya miti," akasema. "Mwalimu, sikuwa na jibu. Nililitafuta mpaka basi. Wangeuliza tu, ningekaa chini."

Nilimwambia nami niliiona ile miti, ila hakimu hamfanyii wakili kazi. Akafuta uso. Kisha akasema jambo lililonifanya nimtazame upya: kwamba sasa anajua maneno yote atakayoyasema baba mdogo, maana ameyatafuta yeye mwenyewe, tena bora kuliko atakavyoyasema.

Wazee waliketi Gesima siku ya Jumapili, kwa kuwa Jumamosi kwao ni Sabato. Kemunto aliniomba niwepo, nikaenda kama mgeni, nikapewa kiti pembeni na kikombe cha chai. Mazungumzo yalikuwa ya Ekegusii na ninayaandika hapa kwa Kiswahili. Msichana hakupewa nafasi ya kusema, na hakuiomba. Aliketi nyuma ya mama yake.

Baba mdogo alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, mwanawe anaoa na hana pa kumweka. Alisema yale yalikuwa maneno ya nyumbani tu. Alisema hakuna bei iliyotajwa. Alisema wema wa jikoni haufai kuletwa mbele ya wazee. Nilisikia hotuba ya Kemunto ikirudi, imechakaa kidogo, na nilimwona yeye akiinamisha kichwa.

Mama alipopewa nafasi hakusema mengi. Hakutaja uchovu wake wala usiku aliokesha na mgonjwa.

"Shemeji," akauliza, "kama yalikuwa maneno ya jikoni, wale majirani uliwaita waje kuona nini?"

Mmoja wa wale majirani alikuwa ameketi pale pale miongoni mwa wazee. Alikohoa, akatazama fimbo yake. Baba mdogo akaketi. Wazee hawakuchelewa. Miti ibaki ilipo, walisema, na chai ibaki na aliyeichuma. Kijana anayeoa watamtafutia mahali upande wa juu, na wote watasaidia kulima. Nilifurahi kuliko nilivyotaka ionekane.

Tulipokuwa tunaondoka, baba mdogo alimsimamisha Kemunto langoni. Alimwambia kwa uchungu kwamba mtoto wa nyumba anayesoma sheria angefaa kumtetea baba yake pia.

"Nilikutetea, baba mdogo," akamjibu. "Kule chuoni, mbele ya mahakimu. Na ulishinda."

Akamsimulia yote palepale. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akacheka peke yake, akaenda.

Nimestaafu sasa. Mkuu wa Idara alinitangulia, na kwenye chai ya kuniaga hakukuwa na mtu wa kunikavukia. Mhadhiri kijana aliyechukua darasa langu alinieleza kwamba wanafunzi wanalalamika, wanataka kuchagua upande unaolingana na dhamiri zao. Sikubishana naye. Nilimpa kopo la kakao, nikarudi Keumbu kwa migomba yangu. Sijui kama analitumia, na sitauliza. Ninachokikosa si mihadhara. Ninakosa ule muda mfupi mkono unapoingia ndani ya kopo, kabla mtu hajajua atakuwa nani.

Kemunto ana ofisi Nyamira, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Alinipigia simu wiki aliyoifungua kuniambia kwamba mteja wake wa kwanza ameshafika: baba mdogo, ana mgogoro na mnunuzi wa mikaratusi yake. Alikuwa amemuuliza mzee kwa nini asitafute wakili mwingine, baada ya yote yaliyopita.

"Ulinitetea nikiwa na makosa, ukashinda," mzee alimjibu. "Sasa niko na haki. Utashindwaje?"