Fundi baiskeli wa Chiungutwa aliyeficha bawasiri miaka minne

Saa mbili asubuhi, kijiji cha Chiungutwa, Masasi. Anwari Chilumba anafanya kazi amesimama. Baiskeli ya mteja imening'inia kwa kamba kwenye boriti ya kibanda chake, gurudumu likiwa usawa wa kifua.

"Kaa basi, fundi," mteja anamsogezea kigoda.

"Nimekaa vya kutosha," anajibu, macho kwenye spoki.

Ana miaka 46. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimaliza akichuchumaa, akiziba pancha na kunyoosha ringi. Siku ya kawaida hupata baiskeli tano au sita. Msimu wa korosho hufika hata kumi.

Miaka minne iliyopita aliona damu chooni. Nyekundu, mbichi, na haikumuuma popote. Akaimwagia maji upesi, akatoka humo kama mwizi.

"Ningevunjika mguu ningepiga kelele," anasema. "Lakini huko? Huko hapasemeki."

Damu ikawa inarudi. Anwari, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akaanza kuswalia nyumbani, akihofia kanzu yake nyeupe. Akawa anafua shuka mwenyewe na kulala mkekani.

Mkewe, Ziada, aliyaona yote hayo akayapa tafsiri yake.

"Baba Rukaiya, huyo mwanamke ni nani?" alimuuliza.

Anwari akamwacha aamini hivyo. "Niliona heri aniite mhuni kuliko ajue kinachonitoka."

Ziada akafunga nguo zake, akarudi kwa wazazi wake Makote.

Hapo ndipo fundi alipokata shauri kutafuta tiba. Hospitali ya Masasi aliikwepa, maana huko anajulikana. Akapanda gari hadi Newala. Kufika dirisha la mapokezi hospitalini, muuguzi akamchangamkia kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Shikamoo Baba Rukaiya! Umefuata nini huku kwetu?"

Alikuwa Dominika, binti wa jirani yake wa Chiungutwa.

"Marahaba, mwanangu. Mgongo tu."

Akapewa vidonge vya mgongo, akarudi navyo nyumbani. Akavimeza, na damu ikazidi.

Oktoba mwaka jana, kibanda kikiwa kimejaa baiskeli za wakulima, alisimama kuchukua pampu, akaanguka. Wateja wakambeba hadi zahanati. Kipimo kilionyesha damu yake ni saba, wakati mwanaume hutakiwa kuwa nayo kumi na tatu au zaidi.

"Baba, damu hii inapotelea wapi?" tabibu Yoeli alimuuliza. Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu Anwari akageukia ukuta, akanong'ona.

Yoeli hakucheka. Alimwandikia barua ya kwenda hospitali, na huko akachunguzwa kwa kifaa. Ikaonekana ni bawasiri ya ndani: mishipa iliyovimba ndani ya njia ya haja kubwa, mahali ambapo mtu haoni na mara nyingi hasikii maumivu. Daktari aliifunga kwa vimpira vidogo ili inyauke na kudondoka yenyewe. Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia aache vile vya mgongo kwa kuwa vinaweza kuzidisha kutoka damu, anywe maji mengi, ale kunde na mboga za majani, asijikamue chooni wala asikae humo muda mrefu.

Kufikia Februari damu ilikuwa imekoma.

Aibu bado. Akisimulia haya, mara mbili ananyamaza hadi mpita njia atokomee. Ziada hajui lolote. "Nimempigia simu mara mbili," anasema, "nikaishia kuulizia mihogo."

Anapoulizwa kama jina lake linaweza kuandikwa, anajifuta grisi mikononi kwa muda mrefu.

"Gazeti linatoka lini?"

Jumamosi, anaambiwa.

"Basi Alhamisi nakwenda Makote. Sitaki asomewe na watu. Nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, na akitaka kucheka, acheke. Ila arudi."