Oili Chafu Kabla ya Mvua

Kila mwaka, mvua za masika zikikaribia, mama huendesha gari polepole hadi magurudumu ya mbele yapande juu ya mawe ya ujenzi, hapo uani kwetu Kawangware. Kisha hutandika magunia mawili, lake na langu, tukalala chini ya gari na brashi na mkebe wa oili chafu. Anaamini oili iliyomwagwa kutoka kwa injini ya dizeli huzuia kutu. Mimi siamini. Nilimaliza chuo kikuu nikiwa siamini mambo mengi.

"Mama, kutu inatoka ndani. Sisi tunaipaka mafuta tu, kama mtoto wa kwenda kanisani."

"Mtoto akipakwa mafuta anaoza?"

"Hapana."

"Basi paka."

Chini pale sauti za wapangaji wetu zilinifikia kama zinatoka ng'ambo ya maji. Miguu ilipita bila wenyewe. Mama alikuwa ameng'oa kapeti ya gari ikauke, kwa hiyo mwanga ulipenya kwenye matundu ya sakafu ukatua kifuani mwangu, ukipanda na kushuka nilivyopumua. Ningependa kusema yalifanana na nyota. Yalifanana na matundu. Hata hivyo niliyatazama mpaka nikasahau mkono wangu ulikuwa ukifanya nini.

Mwaka huu nilikuwa na neno. Nilikuwa nimepata chumba Kianda, kule Kibera, na mimi ndiye mtoto wa mwisho aliyebaki nyumbani. Wiki nzima nilishindwa kumwambia mezani, ambapo angenitazama. Nilijiuliza: kama kuondoka si kosa, kwa nini nauogopa uso wake? Huku chini hatukuonana. Kati yetu kulikuwa na bomba la moshi.

"Mama, nahama."

Brashi yake ikasimama. Tone la oili likaning'inia kwenye ncha, refu, jeusi, lisianguke.

"Unahamia wapi?"

"Kianda."

"Nimekukosea?"

"Hapana, mama. Nataka tu kuamka mahali ambapo bado sijazijua sauti zote."

Kuku alikuja akaparura mchanga karibu na sikio langu, akaenda zake. Wingu lilipita juu, mwanga ukazimika kifuani, ukarudi. Nilidhani mama amelala, au analia. Sikujua jinsi ya kuuliza.

"Kuna mahali pa kuegesha?"

"Mama, mimi sina gari."

"Wee msomi, nimeuliza, kuna mahali pa kuegesha?"

Nilichovya brashi kwenye mkebe.

"Hakuna. Njia ni ya miguu tu. Utaacha gari pale barabarani, nije nikuchukue."

"Na ukichelewa napiga honi mpaka majirani wako wote watoke."

"Honi ya hii gari hailii, mama."

"Nitaitengeneza," alisema, na brashi yake ikaanza tena.