Gari ya Paa Mbili

Asubuhi moja kule Kavimvira nililala ndani ya gari tatu, moja baada ya nyingine, watu wakiniangalia. Nililala chali, nikanyoosha miguu, nikafunga macho, nikavuta pumzi kumi. Waliotaka kucheka walicheka. Sikwenda pale kuchekesha mtu. Nilikuwa natafuta gari ya kunifikisha kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaishi juu milimani. Ukishapita Luberizi unaacha barabara kubwa ya Bukavu, unapanda. Alinipigia simu baada ya Pasaka, na hakusalimia sana.

"Macho yangu iko inafungika," alisema. "La kushoto limekwisha. La kuume liko nusu. Ukitaka nikuone, kuja sasa. Ukichelewa utanikuta nasikia sauti tu."

Kisha akakata.

Zamani nilipanda kule kwa pikipiki. Tangu nyonga yangu iharibike, pikipiki imenishinda. Gari za abiria zinaishia kwenye soko la chini. Njia ya juu inavuka mto usio na daraja, na mvua ikinyesha unangoja maji yapungue, siku moja, hata mbili. Anayekwenda kule lazima awe na mahali pa kulala.

Mume wa binti yangu anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Anazunguka uwanda wote, na mara nyingi analala hukohuko juu ya magunia. Mwaka huu alikata shauri anunue gari ya kulala ndani, yeye na mke wake na vyombo vyake vya kazi. Binti yangu alikuja kwangu Kasenga mbiombio kunipa habari.

"Mama, tumepata! Tutakupeleka kwa mama mukubwa. Iko na kitanda kikubwa, tutalala wote."

"Wote nani?"

"Weye, minye na bwana yangu."

Niliweka ungo chini. "Minye nilale paa moja na mukwe wangu?"

"Mama, ile ni gari. Si nyumba."

"Munalala ndani?"

"Ndiyo."

"Munapika?"

"Iko na kajiko kadogo."

"Basi ni nyumba yenye mipira ya gari."

Kwetu mama mukwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hatuli pamoja, hatupeani mkono, hatutazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na nimeiona ikilinda ndoa nyingi. Huyu amekaa na binti yangu miaka kumi na minne, na mpaka leo sijui vizuri pua yake ilivyo. Ila simu zilipokuja tuligundua kwamba simu haina uso. Kwa simu tunaongea vizuri sana, hata kucheka tunacheka.

Ndiyo maana siku ile ya Kavimvira, kwenye uwanja ambapo gari zilizovuka mpaka zinangoja wanunuzi, yeye alisimama upande mmoja wa gari, mimi upande wa pili, kila mtu na simu sikioni. Mwenye uwanja, mwanaume wa makamo mwenye miwani, alitushangaa.

"Mama muzee, munaongea na nani?"

"Na mukwe wangu."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya hii gari."

Akainama, akachungulia chini, akaona viatu. "Si azunguke tu?"

"Weye uza gari."

Gari ya kwanza ndiyo binti yangu aliyoitaka. Ilikuwa kabasi kafupi, keupe, na rido za maua zinazofunika madirisha. Ndani mlikuwa na kitanda laini, kabati, hata beseni ya kunawia yenye bomba. Nikauliza maji machafu yanakwenda wapi. Mwenye uwanja akafungua kamlango akanionyesha dumu. Nikauliza nani anamwaga dumu. Akamtazama binti yangu, naye akatazama juu. Sitadanganya, niliipenda. Nilipolala mle miguu yangu ilinyooka yote, na nyonga ikanyamaza.

Mwenye uwanja alisema hata hiyo inavuta kwa mipira yote minne, kama zile zingine mbili. Nikamuuliza: kwani gari za kawaida zinavuta kwa mingapi?

"Miwili, mama muzee."

Miaka yote hii nimepanda gari nikidhani mipira yote inafanya kazi. Kumbe miwili inaburutwa tu! Nilitaka kuona. Alipeleka gari kwenye mtaro wenye matope kando ya uwanja, nami nikainama kadiri nyonga ilivyoniruhusu. Ile ya mbele ilizunguka, na ya nyuma ikazunguka. Kweli.

Lakini nilikuwa nimebeba kigoda changu, kile ninachokalia nikichagua mchele. Nilikisukuma chini ya tumbo la kabasi. Kilikataa kuingia. Mawe ya ule mto ninayajua, mengine yanapita kigoda.

"Hii itakaa juu ya jiwe kama kuku juu ya mayai," nilisema kwenye simu. "Mipira minne itavuta nini ikiwa haigusi chini?"

"Mama munasema kweli," mukwe akajibu kutoka upande wa pili.

Binti yangu alinuna. "Mama iko anachagua gari kwa kigoda! Watu watasema nini?"

"Watasema tulifika."

Gari ya pili ilikuwa ambulansi ya zamani. Kigoda kiliingia bila shida. Ndani ilibaki harufu ya dawa, na kitanda kilikuwa chembamba, cha mtu asiyegeuka. Nikalala, nikawaza waliolala pale kabla yangu, wangapi walishuka kwa miguu yao. Upepo ukafunga mlango. Niliposukuma, haukufunguka. Nikapapasa kila mahali, hakuna cha kushika. Ikabidi nipige simu.

"Mukwe, nimefungiwa."

"Mama, ule mlango unafunguliwa kwa inje tu. Mugonjwa hafunguangi."

"Basi minye si mugonjwa. Nitoeni."

Alimtuma mke wake anifungulie, naye alifungua akicheka mpaka kitenge kinamwanguka. Kununa kukaishia hapo.

Ya tatu ilikuwa jipu ndefu, chafu, yenye mabenchi mawili nyuma na chuma cha mizigo juu ya paa. Juu ya chuma walifunga hema linalofunguka kama sanduku, lenye ngazi yake. Mabenchi ukiyaunganisha kwa ubao, mtu ananyooka; nikalala, nikanyooka. Kigoda kilipita chini, na nafasi ikabaki. Binti yangu akapiga makofi.

"Iko paa mbili, mama! Weye ndani, sisi juu!"

Nilitazama ile ngazi, nikatazama lile hema. Nikafikiri polepole, maana jambo hili sikuwahi kufundishwa na mtu. Paa mbili, ndiyo. Lakini moja iko juu ya nyingine.

"Mukwe wangu alale juu ya kichwa changu?"

Mwenye uwanja alitoa miwani akaipangusa.

"Mama," binti yangu akasema, "basi weye lala juu."

"Kwa nyonga hii? Na minye nikanyage juu ya kichwa chake? Hapana."

Nilikaa kwenye kigoda changu katikati ya uwanja. Sitaki kusema nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu. Gari zilikuwa hizo tatu tu, na jicho la dada yangu halikuwa linangoja tuelewane. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama heshima yangu itanifanya nifike kwake akiwa kipofu.

Simu ikalia. Alikuwa yeye, hatua nne kutoka kwangu, nyuma ya jipu.

"Mama, lile hema limefungwa na bulo sita. Nimehesabu. Ninazifungua na spana, tunalibeba nyuma. Tukifika mahali pa kulala, ninaliweka chini, mbali na gari."

"Chini iko matope."

"Ninajua."

"Na nyoka."

"Na nyoka ninajua, mama."

Nikasema, "Hatua ishirini," naye akasema, "Ishirini."

Wakachukua jipu. Kosa langu nililiona siku ya kuondoka: nilipima tumbo la gari, sikupima mguu wangu. Mlango ulikuwa juu, nyonga ikagoma. Kigoda kikawa ngazi, safari nzima.

Mtoni tulikuta maji yamejaa, tukalala hapo usiku mmoja. Asubuhi mukwe alipita mbali akielekea kupima maji na fimbo, na niliona mgongo wake wote ni matope. Nikampigia.

"Mumelalaje?"

"Vizuri, mama."

Binti yangu, nywele zake zikidondosha maji, akaniambia, "Amedanganya."

Tulivuka mchana. Tumbo halikugusa jiwe hata moja.

Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni. Nilishuka nikikanyaga kigoda, nikamwendea.

"Sogea," akasema. "Bado. Sogea."

Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akaukagua kama anayenunua samaki.

"Umezeeka vibaya."

"Unaona?"

"Ninaona mpaka kovu la chungu kilichokuunguza, hapa." Akaligusa, halafu akauliza, "Mulilala njiani?"

"Siku moja."

"Na mukwe?"

"Minye ndani ya gari, wao ndani ya hema."

"Mbali?"

"Hatua ishirini."

Akageuza jicho lake moja upande wa gari, ambako mukwe wangu alikuwa amesimama akitazama milima, ametugeuzia mgongo.

"Sioni vizuri mpaka kule," akasema. "Yule mweusi ni yeye?"

"Ni matope."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapigapiga chini kando yake. "Leta kigoda. Kaa hapa, karibu, kwenye mwanga."