Kobe wa Shimo la Matofali

“Rudisha iyo kobe mu shimo yake, halafu mufunike matofali na majani!”

Nilipokuwa mtoto pale Lweba, mtu mmoja tu aliweza kumpigia baba yangu kelele mbele ya watu: Koko, mama yake mzazi. Siku hiyo baba alikuwa katika kinamasi kilichokauka, akichimba udongo wa matofali ya nyumba yetu mpya. Yaliyokwisha kufyatuliwa yalipangwa juani, mabichi bado, yakingoja kuni za kuyachoma. Jasho la kiangazi kizima lilikuwa pale chini. Pigo la kwanza tu la jembe likalia kwenye gamba: kobe wa maji, mweusi, shingo ameikunja ubavuni, mlango wa gamba lake uko wazi kidogo.

Wazee wetu walisema kobe huyo analala na mvua ndani ya udongo. Ukimfukua, umeifukua na mvua.

Baba alicheka. “Mama, mwezi wa nane, mvua itatoka wapi? Ku mugongo ya kobe?”

“We cheka tu. Iyo meno yako mi niliiona ikiota.”

“Majani iko ya kuezeka nyumba, haiko ya kuvalisha matofali.”

Kobe akatiwa kwenye beseni. Alinuka vibaya, akakwaruza bati jioni nzima akitafuta njia.

Kesho yake mchana mvua ikashuka kutoka milimani, nzito, bila hodi. Matofali yakarudi kuwa tope mbele ya macho yetu. Mama yangu alikaa chini akalia. Baba hakulia, alimgeukia Koko akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma:

“Mama, njo we uliiita iyo mvua.”

Neno likatoka uani kwetu, likafika sokoni. Mulozi, mchawi. Bamama wakaacha kumpa mkono kanisani. Mpaka anakufa alikuwa akiteka maji peke yake.

Sasa mimi ni mkubwa, naishi mjini Baraka, na nimekaa sana na wafyatua matofali. Wanasema jambo moja, nami nimeliona kwa macho yangu: katikati ya kiangazi kobe analala chini sana, amejifunga kama jiwe. Mvua ikikaribia, anapanda. Yule wetu alikuwa juu juu, mlango wazi. Hakuiita mvua, alikuwa anakwenda kuipokea. Koko alimtazama, akaelewa, akasema kwa maneno aliyorithi. Sisi tukashika habari ya kobe, tukaacha habari ya majani. Majani yangetuokolea nyumba.

Namkumbuka akinichagulia dagaa wakubwa kwenye sahani yake, akinisukumia. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemwachia njia ya kisimani peke yake.

Sipendi kuzungusha maneno. Baba amekufa bila kulirudisha neno lake. Ninyi wa ukoo, na majirani mliobaki Lweba, deni hili ni lenu. Njooni kwenye kaburi la Koko, mseme kwa sauti watu wasikie: hakuwa mulozi.