Breki ya Mulinet Ndogo

Katika siku zote za vita, mwanangu, iko moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, wala si kwa sababu ya risasi. Siku hiyo baba mkwe wangu alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Kaa vizuri nikusimulie, maana naona umefika umri wa kuchagua, na macho yako yanakimbilia vinavyong'aa.

Tulikuwa hapa Bunia, tumekimbia kutoka Kasenyi, kule kando ya ziwa. Nyavu zetu zilichomwa, na mtumbwi pia. Muzee, yaani baba mkwe, tulimtoa nyumbani kwa kumvuta, kwa vile alishikilia mlango na kukataa kuuacha. Alichokubali kubeba ni sanduku lake, na ndani yake mulinet mbili za zamani. Mulinet ni kile chombo cha chuma cha kukunjia kamba ya ndoano, chenye mkono wa kuzungusha. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya bahari, maji ya chumvi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaonja. Mgiriki mmoja mfanyabiashara, ambaye muzee alimfanyia kazi ujanani, alimwachia aliporudi kwao.

Hapa mjini hatukuwa na kitu. Watoto walikuwa wamekonda mpaka nikaona aibu kuwaogesha nje. Ndipo jirani yetu, mchuuzi aliyetoka Butembo, akaja na neno lake.

"Munipatie mulinet moja, yoyote," alisema. "Miye nitauzisha kwa wageni. Mufuko ya maharagi inabakia yenu."

Ile ambayo ingebaki, mume wangu angerudi nayo ziwani. Barabara ilikuwa imetulia kidogo, na mwenye mtumbwi mmoja alikuwa tayari kumpakia. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuchague, na kama tungechagua vibaya, maharagwe yangeisha na samaki asionekane. Nilikuwa naogopa, nakuambia kweli.

Moja ilikuwa kubwa, inang'aa mpaka unauona uso wako ndani yake. Nyingine ndogo, ubavu wake umepasuka na kufungwa waya.

"Ile kubwa ndiyo tutachunga," muzee akasema, yaani tubaki nayo. "Iko na nguvu."

Sasa elewa jambo moja. Katika ukoo wetu, mke hakusemezana na baba mkwe uso kwa uso. Alipitisha neno kwa mumewe, hata kama wote mko katika uwanja mmoja na unamsikia muzee akikohoa. Nilikuwa nimewapa mgongo, natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Ambia baba," nikamwambia mume wangu, "tujaribishe zote mbili kwanza."

"Ambia bibi yako," muzee akajibu, "mambo ya ziwa iko ya wanaume."

"Ambia baba, kamba ikikatika, nani atakosa ya kupika? Ni wanaume?"

Mume wangu maskini, hakujua ageukie wapi. Mimi sikunyamaza, na mpaka leo sijutii. Nilikuwa na sababu yangu. Ndani ya mulinet mna breki. Samaki mkubwa kama kapiteni akikimbia, breki inamwachia kamba kidogo kidogo huku ikimchosha. Ile ndogo mume wangu aliitumia, na kila aliporudi kutoka majini nilimwona akilegeza breki kabla ya kuiweka. Ile kubwa muzee aliikaza mpaka mwisho, akaifungia sandukuni miaka na miaka. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya chombo kizuri.

Mwishowe alikubali, nadhani ili kunifunga mdomo. Njia ya mbele ya nyumba ilikuwa na mteremko.

"Basi kinga itakuwa samaki," akasema, na mume wangu akaenda kuazima hiyo kinga, yaani baiskeli.

Tulifunga kamba nyuma ya baiskeli. Muzee akakaa juu ya jiwe, ameshika ufito wenye mulinet kubwa, na majirani wakatoka kutazama. Mume wangu akaachia baiskeli iteremke. Breki ilishika tu, haikutoa hata kidogo. Kamba ikanyooka, ikakatika, na mume wangu akaishia mferejini. Watu walicheka, mwanangu! Watu ambao hawakuwa wamecheka tangu wafike Bunia.

Akafuta magoti, akapanda tena. Safari hii ilikuwa zamu ya ile ndogo. Kamba ilitoka taratibu, breki ikilia kwa sauti nyembamba, na baiskeli ikapunguza mwendo, ikapunguza, mpaka ikasimama yenyewe. Mume wangu akaweka mguu chini kama mtu anayeshuka mlangoni pa kanisa.

Muzee aliipapasa ile kubwa.

"Miye niliikaza sana," akasema.

Kisha akageuka. Hakupitia kwa mume wangu. Alinitazama mimi, mbele ya watu wote, akaninyooshea ile ndogo.

"Shika, mwanangu. Weye uliona."

Mchuuzi tulimwambia wazi kwamba breki ya ile kubwa imekufa. Akasema wageni wanapenda inavyong'aa, akaleta mfuko wake.

Asubuhi ya safari, mimi niliyekuwa na maneno mengi nilishika shati la mume wangu na sikuweza kuliachia. Nilifikiri juu ya vizuizi vya barabarani na vijana wenye bunduki. Muzee hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mama, tulijaribisha breki ya mulinet. Sasa iko zamu ya yako." Nikalegeza vidole, kimoja baada ya kingine, nikilia. Mume wangu alirudi na kapiteni aliyekaushwa kwa moshi, mrefu kuliko mtoto wetu wa kwanza, na tangu siku hiyo muzee alikula chakula changu akiongea nami.

Kwa hiyo, mwanangu, unapochagua mchumba, rafiki, hata bwana wa kumfanyia kazi, usiridhike kuona anavyoshika. Kushika kila mtu anajua. Mkatalie jambo moja dogo, umwangalie anavyoachia. Akikuachia kwa upole na bado yuko nawe, huyo mchukue hata kama ubavu wake umefungwa waya. Na wewe mwenyewe usijikaze kwa heshima mpaka usahau kulegea, maana tumeona katika vita hivi walioshikilia milango yao, na si wote waliokuwa na mtu wa kuwavuta.

Mungu akupe mkono wenye nguvu, na auweke laini. Unaowaachia waende, awarudishe kwako wakiwa hai, kama alivyonirudishia wangu.